Kura ya Jembe

Mhadhara mbele ya wajumbe wa kamati za maji, shule na afya



Nimeombwa nizungumzie jinsi kiongozi anavyojenga maafikiano na ushirikiano katika kazi za kujitolea. Walionialika nadhani walisikia kwamba maji yanatoka kwetu. Hawakusikia yalivyochelewa, na nani aliyechelewesha. Nitaanzia hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kimoja cha milimani, huku kwetu Upare. Kijiji sikitaji, maana bado naishi nao. Siku ya Jumatatu tulifanya mkutano chini ya mparachichi, nje ya ofisi ya kijiji. Ajenda ilikuwa moja: kuchimba mtaro wa bomba kutoka chemchemi hadi tangini, na kutoka tangini hadi vitongojini. Mabomba yalikuwa yameshafika, yamelala stoo. Nguvukazi ilikuwa yetu. Nikaeleza, nikaeleza tena kwa Kipare, kisha nikauliza: "Wanaokubali?" Mikono ikapaa. Mtendaji akahesabu, akapata 143. "Wasiokubali?" Kimya. Tukapiga makofi, tukafunga kwa dua na kwa sala, kila mtu akashika njia yake.

Siku ya kazi ilikuwa Alhamisi. Msidhani siku hiyo iliokotwa tu. Kwetu Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya Walutheri, Ijumaa Waislamu wana swala, Jumatano kuna gulio. Mwenye kutaka kuitisha kazi ya wote anabaki na siku tatu, na moja katika hizo lazima kuna msiba. Basi Alhamisi, saa 1 asubuhi, nikafika na kamba, sululu na jembe. Hadi saa 3 tulikuwa watu 19. Katika hao, 6 walikuwa wanakamati wenzangu, na wawili walikuwa watoto waliotumwa kuleta udhuru wa wazazi wao, wakanogewa wakabaki.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitaka majina. Nilitaka faini. Nilikwisha hata kuanza kuandika barua kwa mtendaji, na ilikuwa barua kali yenye maneno kama "hujuma" na "kukwamisha maendeleo". Mke wangu akaniuliza swali moja tu, huku anachambua maharage ya makande: "Uliwauliza, au uliwatangazia?"

Nilichukia swali lile. Nimekuja hapa leo kwa sababu yake.

Tuna msemo unaotawala vikao vyetu vyote: wengi wape. Ni msemo mzuri siku ya kumchagua mwenyekiti wa kitongoji. Walioshindwa wanarudi nyumbani, wananuna wiki mbili, kazi ya ofisi inaendelea, kwa kuwa ofisi haiwahitaji wao ili ifunguliwe. Mtaro haufanani na ofisi. Mtaro unamhitaji hasa yule aliyeshindwa, na jembe lake. Wengi wakishakupa mikono yao Jumatatu, bado Alhamisi haijafika, na Alhamisi ndiyo inapigwa kura ya pili, ambayo haina mhesabu wala muhtasari. Mimi naiita kura ya jembe. Aliyenyoosha mkono mkutanoni akabaki nyumbani siku ya kazi, amepiga kura mbili, na ya pili ndiyo ya kweli.

Tazameni lile neno lenyewe. Kutoa, kutolea, kujitolea: mtoaji na kinachotolewa ni mtu yuleyule. Naweza kukutuma, kukutoza, kukulazimisha. Siwezi kukujitolea, Kiswahili chenyewe kinakataa. Sasa tunasikia watu wakisema "tuliwajitolesha", na kila nikilisikia neno hilo najua nimefika mahali ambapo mgambo alipita nyumba hadi nyumba kabla ya jua kuchomoza.

Nikaichana barua. Ijumaa na Jumatatu nikatembea nyumba kwa nyumba, bila daftari. Daftari linatisha, mtu akiona unaandika, anajibu kama yuko mahakamani, na sisi Wapare tunajulikana nchi nzima kwa mambo ya mahakama. Wanasema Mpare atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Sipingi. Lakini mtu anayeuza ng'ombe kwa ajili ya kuku hana tatizo la kutojali. Tatizo ni kwamba anasubiri mpaka jambo limeharibika ndipo aseme.

Niliyoyakuta majumbani hayakuwa uvivu hata kidogo. Kitongoji cha chini walikuwa wamepiga hesabu zao: tangi likijengwa pale tulipopanga, wa juu watachota kwanza, na kiangazi wa chini watabaki wakisikiliza upepo kwenye bomba. Hawakusema mkutanoni kwa sababu mtaalamu wa wilaya alikuwepo na ramani, na nani abishane na ramani? Vijana wa bodaboda walikuwa na hoja ya tumbo: siku nzima ya kuchimba ni siku nzima bila abiria, na pikipiki nyingi ni za mkataba, tajiri anataka hesabu yake jioni, mtaro au si mtaro. Baba mmoja alinikumbusha mchango wa zahanati wa miaka mingi nyuma, ambao mpaka leo hakuna aliyesomewa matumizi yake. Mimi sikuwa kwenye kamati ile. Kwake hilo halikuwa na maana. Kamati ni kamati.

Halafu kulikuwa na bibi. Nitamwita Bibi tu. Alikuwa mjane, na shamba lake la tangawizi lilikuwa katikati ya njia ya mtaro. Wanaotoka tarafa za tangawizi wananielewa: ni zao la kukaa nalo miezi minane, tisa, hata kumi, na ukilichokonoa kabla halijakomaa umevuna maji. La Bibi lilikuwa limebakiza kama miezi miwili. Nikamuuliza, "Bibi, mbona mkutanoni ulinyoosha mkono?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua njia ya nyumbani kwao. "Aliyekaa mbele pale na mtendaji ni shemeji yangu. Ulitaka nisimame mbele ya watu nimkatalie?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mikono 143 haikuwa mikono ya aina moja. Baadhi ilisema ndiyo. Mingine ilisema sitaki kuonekana mkorofi. Mingine ilisema maliza twende, jua kali. Wa Bibi ulisema nina adabu. Kiongozi anayehesabu mikono tu anaijumlisha hiyo yote na kupata namba kubwa ya kumpendeza.

Sasa mtaniambia: wazee wetu hawakuwa na shida hii, walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Pembe la mwito lililia jioni, na asubuhi watu wakatoka. Ni kweli, na nimekulia ndani yake. Ndiva zetu, yale mabwawa ya mifereji, ni ushahidi uliopo mpaka leo. Mfereji unaleta maji usiku kucha, wakati hakuna anayemwagilia; tundu la ndiva limezibwa tangu jioni; alfajiri linafunguliwa na maji yaliyokusanyika yanashuka mashambani kwa zamu. Bila bwawa lile, maji ya usiku yangepotea bure. Ndiva ikijaa tope, watu wanaitwa kuizoa, na asiyetokea bila udhuru anajua zamu yake ya maji iko mashakani. Naomba mtazame ustadi uliopo hapo: anayeitwa kuzoa tope ni yuleyule anayesubiri maji, na kila anayepita njiani anaiona ndiva kwa macho yake, imejaa au haijajaa. Kanuni haikuhitaji semina.

Mmarekani Elinor Ostrom alitumia miaka mingi akichunguza watu wa aina hii: wakulima wa mifereji, wavuvi, wenye malisho na misitu ya pamoja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba kanuni zinazodumu ni zile ambazo wanaobanwa nazo wana sauti ya kuzibadili, na adhabu zake huanza ndogo, zinakua kwa anayerudia. Mzee yeyote wa ndiva angemwambia hivyo kwa bei ya kibuyu cha pombe yetu, dengelua.

Lakini tusiupambe msaragambo kupita kiasi. Waliokaa kuamua zamu walikuwa wanaume, na ukoo uliochimba mfereji ulikuwa na neno kubwa kuliko waliohamia. Bibi zetu walibeba tope, hawakupanga zamu. Ukisema leo "turudishe msaragambo" bila kusema unarudisha upi, Bibi wa tangawizi atanyoosha mkono kama alivyonyoosha, na hatatokea, kama ambavyo hakutokea.

Kuna kumbukumbu moja ya huku kwetu ninayoipenda zaidi ya msaragambo. Mwaka 1945 watu wa milimani, kwa maelfu, waliteremka Same kupinga kodi ya mbiru, ile ya kukadiria mali ya kila mtu, wakapiga kambi mbele ya boma la Mwingereza. Profesa Isaria Kimambo ameiandikia kitabu. Fikirini kazi iliyokuwamo: nani anashuka, nani anabaki na mifugo, nani anapika, chakula kinabebwa na nani. Hakukuwa na simu, hakukuwa na mradi, na hakuna aliyesaini karatasi ya posho. Kodi ile ilikuja kufutwa. Watu wale hawakuwa na umoja wa kuzaliwa nao. Walikuwa ni haohao wa kesi za kuku. Walikuwa na jambo ambalo kila kaya ilikuwa imeshalijadili mekoni kwake, kabla halijafika kwenye mkutano wowote.

Nitoke Upare kidogo, niwapeleke Shinyanga.

Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ule ilikuwa imebaki kama uwanja wa mpira. Enzi za ukoloni vichaka vilifyekwa kuangamiza mbung'o, baadaye vikafyekwa kwa ajili ya pamba na kuni, ng'ombe wakamalizia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walifanya wanachokijua wataalamu: bustani za miche, miti ya kigeni, hamasa. Watu wakapokea miche, wakashukuru. Miche mingi haikufika mbali.

Wasukuma walikuwa na kitu chao tangu zamani, ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, isiingizwe mnyama, ifunguliwe kiangazi kinapouma. Ngitili nyingi zilikuwa zimekufa, hasa watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja miaka ya 1970 na kuyaacha maeneo yao ya awali. HASHI ilipoacha kuhubiri miche na kuanza kuuliza kuhusu ngitili, mambo yaligeuka. Nani anafunga, nani anafungua, aliyeingiza ng'ombe usiku afanywe nini, hayo yalijadiliwa kwenye dagashida, baraza lao la jadi, na sungusungu wakalinda. Mwanzoni mwa mradi ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002, kule Johannesburg, mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta.

Nataka mwone kitu ambacho ripoti hukipitia haraka. Zile hekta hazikupandwa. Ngitili ni kuacha. Ni watu kukubaliana kutofanya jambo, na kila mmoja kumwamini jirani kwamba usiku naye hafanyi. Hakuna maafikiano magumu kuliko hayo. Mtaro ukichimbwa unaonekana, kujizuia hakuonekani. Ndiyo maana hayakuweza kutoka kwa bwana misitu mwenye Land Rover. Yalitoka kwa watu wanaojuana majina ya ng'ombe.

Wangari Maathai alipita njia inayofanana. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, maofisa misitu walikuja kuwafundisha akina mama kuotesha miche, wakawaletea lugha ya vyuoni, pembe za mwinuko na vipimo vya udongo. Akina mama wakachoka. Maathai akawaambia watumie akili waliyonayo. Mbona wanaotesha maharage na mahindi kila mwaka? Wakaotesha kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu, kuku na mbuzi wasifike. Wakawa wanapewa senti kidogo kwa kila mche ulioishi. Sio uliopandwa, ulioishi. Sisi bado tunahesabu iliyopandwa, kisha tunapiga picha.

Nimetaja senti, basi tuzungumze pesa, maana najua wengine wenu mlikuwa mnaisubiri sehemu hii tangu nilipoanza.

Kuna kitu kinaitwa posho, na kimetuharibia kazi. Mradi ukija, watu wanalipwa kukaa kwenye kiti na kusikia kwamba wajitolee. Wiki inayofuata mwenyekiti anaitisha kikao cha kujitolea kweli, kisicho na bahasha, na watu wanauliza, kwa haki kabisa, mbona kukaa kunalipwa na kuchimba hakulipwi? Sina dawa kamili. Kwetu tuliamua kamati isipokee posho yoyote ya kikao cha ndani ya kijiji, hata kama mfadhili anailipa. Ikitolewa inanunua saruji. Mjumbe mmoja alijiuzulu. Alikuwa mjumbe mzuri, na nilimkosa.

Upande wa pili kuna kunyonya kwa jina la kujitolea. Mama anayezunguka kaya kwa kaya kwa miaka mingi akifuatilia wajawazito na watoto, kwa viatu vyake mwenyewe, tumemwita mhudumu wa kujitolea huku kila aliye juu yake katika kazi hiyohiyo anapokea mshahara. Kazi ya kila siku si msaragambo. Msaragambo una mwisho.

Wakenya wanaijua sura nyingine. Harambee, tangu Jomo Kenyatta alipoifanya wito wa taifa mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi kwa mikono na senti za wananchi. Halafu wakubwa wakagundua kwamba mchango mkubwa unaotajwa kwenye kipaza sauti unanunua jina. Mwananchi aliyeleta kuku wake akaketi nyuma, mheshimiwa aliyeahidi maelfu akaketi mbele, na mara nyingine kuku alifika na maelfu hayakufika. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwawekea mipaka katika uchangishaji. Ninyi ambao kwenu kuna maboma ya madarasa yaliyofika kwenye lenta na kusimama, yakingoja bati ambalo mtu fulani alilitaja jukwaani, mnajua ninachosema.

Tulichofanya sisi ni kidogo sana. Tulichukua ubao mweusi wa zamani kutoka shuleni, tukautundika nje ya ofisi, na kila Jumatatu mweka hazina aliandika kwa chaki: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mpaka misumari. Yule baba wa zahanati alikuwa anapita kila wiki, anasoma kimya, anaondoka. Wiki ya nne alikuja na jembe.

Nirudi kwenye mkutano wa pili, maana huo ndio niliouendesha kidogo kama mtu mwenye akili.

Sheria yetu inataka mkutano mkuu wa kijiji angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kwa sheria tumepewa baraza kubwa kabisa, tukaligeuza mahali pa kusomewa taarifa. Safari hii sikusoma taarifa. Wala sikufungua kwa "kidole kimoja hakivunji chawa". Nimekisikia kidole hicho kwenye vikao vingi, na chawa bado wapo. Nilibadilisha swali. Badala ya "Nani anakubali?" niliuliza: "Mtaro huu ukipita hapa, nani ataumia?"

Kimya kilikuwa kirefu. Kiongozi asiyeweza kuvumilia kimya cha dakika mbili asiende kuongoza watu wa kujitolea, akasimamie mashine ya kusaga. Kisha mzee mmoja wa kitongoji cha chini akasema habari ya tangi. Baada yake watu wakafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Shamba la Bibi nililitaja mwenyewe, kama jambo la kamati, bila kusema limetoka kwake, na shemeji yake akawa wa kwanza kusema haiwezekani kung'oa tangawizi changa. Alikuwa hajui. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Tulikaa saa nne na nusu. Mtaalamu wa wilaya alikunja ramani yake, akafungua tena, akakubali tangi lishuke hatua kadhaa, na kitongoji cha juu wapate kituo chao kabla ya tangi. Kuchimba kulianza upande wa chini, ili tukifika kwenye tangawizi iwe imeshavunwa. Vijana wa bodaboda hawakuchimba. Walipandisha saruji na mchanga, safari mbili kila mmoja, alfajiri kabla ya abiria. Mwanzoni wachimbaji walinung'unika kwamba hao wanakwepa. Walipoona pikipiki inapanda ile kona ya mawe na mfuko wa kilo 50 nyuma, wakanyamaza.

Tulikuwa na mpinzani wetu pia. Kila kijiji kina wake; wa kwetu alipinga hata tarehe. Nikasema nitafanya kama vitabu vinavyofundisha, nimpe kazi. Nikampa kamba ya kupimia vipande vya kila kaya. Siku ya pili akanijia akiwa na furaha ya ajabu: kipande changu mwenyewe kilikuwa kifupi kuliko cha jirani kwa hatua tatu. Alilisema mbele ya watu wote, kwa sauti. Nikachimba hatua zangu tatu huku wananiangalia. Hakuacha kupinga mpaka leo, lakini hakuna aliyebishia tena vipimo.

Si kila jambo tulitafuta maafikiano. Kwamba watoto wasiingie kwenye mtaro uliopita kina cha kiuno, niliamua peke yangu. Kwamba pesa isitolewe benki bila saini mbili, sikuitisha mjadala. Kiongozi anayepeleka kila kitu mkutanoni anawachosha watu kwa yasiyo na uzito, na siku ya jambo zito anakuta wamebaki wale wanaopenda mikutano.

Kitu kimoja cha mwisho, nacho ni kichungu. Mnaweza kuafikiana nyinyi kwa nyinyi vizuri kabisa, na bado mkavunjwa. Kule Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU Youth League walianzisha kijiji cha Litowa, wakalima pamoja, wakaamua mambo yao vikaoni, wakajenga shule yao. Vijiji vingine vikafuata, vikawa kama 17, chini ya Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwalimu Nyerere aliwapenda. Kabla Azimio la Arusha halijaandikwa, wao walikuwa wanaliishi. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama kile. Watu wamepeana sababu nyingi tangu hapo. Mimi nasoma hivi: maafikiano yao ya ndani yalikuwa imara mno, kiasi kwamba wakubwa wa mkoa na wa chama walijiona hawana mahali pa kukaa ndani yake. Sisemi walikosea kutowapa kiti. Nasema ninapopanga kazi siku hizi, namtembelea pia mtendaji, diwani, na yule bwana wa ramani, nyumbani kwao, bila daftari. Siwaendei kuomba ruhusa. Nawauliza swali lilelile: ninyi mtaumia wapi?

Mtaro wetu ulichukua wiki kumi na moja. Awali tulipanga nne. Siku bomba lilipofunguliwa mkuu fulani alikuja, akakata utepe, akahutubia, akaondoka na picha.

Miezi mitatu baadaye tukawa na mkutano mkuu wa kawaida. Nikauliza kama kuna mwenye neno kuhusu maji. Bibi akasimama. Shemeji yake alikuwa amekaa mbele, palepale pa siku zote. Bibi akajifunga kanga vizuri, akasema maji yale yana harufu ya bomba, na kwamba yeye ya kunywa bado anachota chemchemini, na anataka kamati ieleze itafanya nini kuhusu hiyo harufu.

Katibu akanitazama. Nikamwambia aandike.